Kware wa Mjomba Darasani

Malaba, 16 Februari 2025

Mjomba Oundo,

Mulembe. Nakuamkia wewe na Mama Gentrix, na goti lake nalisalimia pia, maana nasikia siku hizi ndilo linaloamua kama mtaenda kanisani au mtabaki nyumbani. Huku tu wazima. Trela zimepanga foleni tangu Jumatano kutoka mpakani hadi karibu na geti la shule, na vumbi ndilo mchuzi wetu. Mwanangu Winny ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kabisa kucheka mbele ya watu.

Najua utasema, Zilpa haandiki ila ana shida. Ni kweli. Gredi ya Nane wamenichosha. Wiki iliyopita niliwapa mdahalo mwepesi: kipi bora, kutamani makuu au kuridhika na ulichonacho. Sharlyne, ambaye baba yake ni wakala wa forodha hapa mpakani, akasimama na kusema, "Mwalimu, kuridhika ni jina la heshima la uvivu. Maskini amejichagulia." Wakampigia makofi. Akaongeza kwamba hata ng'ombe wa kulima akianguka akafa shambani si hoja, bora shamba limelimwa.

Hapo Quinton akaruka juu. "Hiyo ni cruelty! Mtu yeyote anayefunga mnyama ni muuaji. Hata kuku. Wote washikwe." Nikamuuliza, na mama yako anayeuza kuku pale stendi? Akasema, "Hata yeye." Mjomba, mtoto amemfunga mamake jela kabla ya saa nne asubuhi! Nusu ya darasa wakawa upande wake, nusu kwa Sharlyne, na hakuna hata mmoja aliyekubali kusimama katikati.

Ndiyo maana nakuomba kitu. Nitumie yule kware wako wa kuita. Nataka wamwone mnyama anayetumiwa na kupendwa na mtu yule yule. Nitawaeleza jinsi anavyokaa kikapuni juu ya mlingoti na kuimba mpaka kware wa porini wanamfuata na kuingia mtegoni, na jinsi mtu mmoja wa Namboboto alivyomsomesha mpwa wake chuo cha ualimu kwa kazi hiyo. Hesbon wa mayai anaweza kumleta na gari lake.

Mpwa wako,
Zilpa


Namboboto, 27 Februari 2025

Mpwa wangu Mwalimu,

Barua imefika. Hesbon aliiacha kwa duka pale Bumala, ikakaa siku nne ikinukia sabuni. Usinipigie simu kuuliza kama nimeisoma. Simu yangu ni ya kupokea habari za msiba, na mambo mengine yanaandikwa. Tuko salama. Gentrix amejifungua mtoto wa kiume huko Bumala, uzito kama boga. Goti la Mama Gentrix limepokea salamu zako na halikujibu.

Sasa hilo la ndege. Kwanza nilikataa, nikamwambia Mama Gentrix nimekataa. Akacheka. Akasema huyo Karani akiondoka hata siku mbili, yeye atapata mume wa kuongea naye asubuhi. Unajua ndiye aliyempa hilo jina, kwa sababu kila alfajiri anaita kama karani anayesoma majina ya vibarua. Huu ni msimu wake wa tatu. Nimefuga wengi, Zilpa, na hakuna aliyekuwa na koo kama lake.

Nitakupa kwa sababu ni wewe. Lakini sikiliza. Siku mbili tu, na ya tatu arudi na Hesbon. Kikapu kitundikwe nje, juu, penye hewa, si ndani ya nyumba. Chakula chake ni wimbi, kiganja kimoja. Maji kwenye kile kikombe kidogo, asubuhi na jioni, bila kukosa. Kware akikosa chakula atavumilia. Akikosa maji, na joto la huko kwenu, hamalizi siku mbili.

Na hao watoto wako usiwalaumu sana kwa kukataa kusimama katikati. Wamekulia Malaba. Katikati ya barabara ndiko trela hupita.

Swali moja. Ni darasa linalomhitaji huyu ndege, au ni mwalimu?

Mjomba wako,
Oundo


Malaba, 12 Machi 2025

Mjomba,

Hongera kwa mjukuu. Mwambie Gentrix nitafika kumwona mtoto shule zikifungwa. Huku mvua imepiga mara moja tu na kukimbia. Winny sasa anacheka, lakini amefunika mdomo kwa mkono.

Karani alifika Jumatatu salama. Jana nikamwingiza darasani. Alikaa kimya dakika kumi, nikaanza kuona aibu, halafu akapaza sauti mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja mlangoni. Sharlyne akauliza, "Na mtu akiwa na mia moja kama huyu, si anaweza ku-supply hoteli zote mpaka Kisumu?" Quinton akageuza kiti chake kikaangalia ukuta. Alisema hawezi kutazama mfungwa. Nilijaribu kuwaeleza jinsi unavyomwokotea kumbikumbi mmoja mmoja kwa mkono wako, lakini kila mmoja alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia.

Kulikuwa na msichana mmoja tu aliyeuliza jambo la maana. Anaitwa Atyang, anatoka Chakol, huwa haongei. Aliuliza, "Anakunywa maji saa ngapi?" Nikamwambia.

Naomba kukaa naye mpaka wiki ijayo. Kuna somo jingine Jumatatu. Usiwe na wasiwasi, ninamtunza.

Mpwa wako,
Zilpa


Namboboto, 15 Machi 2025

Zilpa,

Sina salamu nyingi leo. Nilisema siku mbili. Mvua zinakaribia, nyasi zinaota na mitego nimeshaisuka. Lakini si hiyo tu. Nimeamka siku tano sijui ni saa ngapi. Mrudishe Karani kwa gari la kwanza.

Oundo


Malaba, 30 Machi 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Barua yako ya tarehe kumi na tano nimeipata juzi, kwa sababu gari la Hesbon liliharibika na mzigo wote ukalala Bumala. Lakini hata ingefika mapema isingesaidia.

Karani amekufa. Ilikuwa Jumatatu ya tarehe kumi na saba, asubuhi kabla ya paredi. Nilikuwa nimemweka kwenye stoo ya vitabu asiibwe. Atyang, yule msichana niliyekuandikia habari zake, ana zamu ya kutoa vitabu na ndiye huchukua ufunguo. Alifungua kikapu. Tulimkuta ndege hatua mbili tu kutoka kikapuni, amelala ubavu, hata paka hajamgusa.

Ungeona shule ilivyogawanyika! Upande wa Quinton walimbeba Atyang begani wakiimba kwamba amemkomboa mfungwa. Wa Sharlyne wakawa wanapiga kelele, "Muuaji! Alipe!" Nilimuuliza kwa nini alifungua, akanyamaza. Mwalimu mkuu akamtuma nyumbani alete mzazi, na mpaka leo hajarudi wala mzazi hajaja.

Nimechoka na hawa watoto, Mjomba. Kila jambo kwao ni mbinguni au jehanamu. Nisamehe. Nitakutafutia ndege mwingine, popote alipo. Nimezunguka soko la Chakol lote nikiuliza.

Salimia nyumba nzima.

Zilpa


Namboboto, 14 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Barua ilifika Jumatano. Nimekaa nayo siku kadhaa kwa sababu ningejibu siku ile ningeandika maneno ya kufuta. Mtoto wa Gentrix anaendelea vizuri. Mahindi yameota, ya jirani yameota zaidi.

Nimesikitika sana kwa Karani. Nasema hivyo wazi, na watu wa huku wakinicheka kwamba mzee analilia ndege, wacheke. Usinitafutie mwingine. Ndege wa kuita hanunuliwi sokoni kama sufuria.

Sasa nieleze kitu, wewe uliyesoma. Kware akifunguliwa haruki, hukimbia kwa miguu, kama mchuuzi aliyeona askari wa kaunti. Akipata mlango wazi na hatua mbili za mbele, humwoni tena. Umesema alikutwa hatua mbili kutoka kikapuni, paka hajamgusa. Kware mzima hafi hivyo. Huyo alitolewa kikapuni akiwa ameshachoka.

Umesema ilikuwa Jumatatu kabla ya paredi, na ndege alikuwa stoo. Nilikuambia nje, juu. Basi nani alimpa maji Jumamosi na Jumapili?

Sikuulizi kwa ubaya. Nimekuuliza tu.

Mjomba wako,
Oundo


Namboboto, 25 Mei 2025

Zilpa,

Shule zilifungwa, hukuja kumwona mtoto wa Gentrix. Zimefunguliwa, hujaandika. Hesbon ananiambia uko mzima, umepandishwa cheo, sasa ni naibu wa mwalimu mkuu. Hongera. Ningependa kulisikia kwako kabla ya kulisikia kwa muuza mayai.

Lile swali la maji, liache. Nina jingine dogo zaidi. Je, yule mtoto wa Chakol amerudi shule?

Oundo


Malaba, 8 Juni 2025

Mjomba,

Winny hajambo. Mimi sina hali nzuri, na leo nitaandika bila kuzunguka.

Hakuna aliyempa Karani maji.

Uliniuliza mwanzoni kama ni darasa au mwalimu anayemhitaji, nami nikaruka hilo swali. Ni mwalimu. Nilikuwa nimeomba hicho cheo cha naibu. Usaili ulikuwa Busia mjini, Ijumaa ya tarehe kumi na nne Machi, na Jumatatu yake maafisa wa elimu walikuwa waje kunitazama nikifundisha. Nilitaka wakute kitu ambacho hawajawahi kuona darasani. Ndiyo sababu sikumrudisha.

Ijumaa saa sita nilimfungia stoo, nikaondoka. Nilisema nitarudi Jumamosi. Usaili ulienda vizuri, Mourine rafiki yangu akanishikilia nilale kwake, Jumamosi tukasuka nywele na kununua viatu vya Jumatatu. Jumapili nilifika Malaba jioni. Shule iko dakika kumi kutoka kwangu. Nilisema, kesho. Mjomba, nilimkumbuka. Ningekuwa nimemsahau ingekuwa afadhali.

Jumatatu nilipofika mlango wa stoo, kelele zilikuwa zimeshaanza. Hawa wamemfanya Atyang malaika, wale wamemfanya shetani. Niliona kile kikombe. Kilikuwa kikavu. Maafisa walikuwa getini. Nikamuuliza mtoto mbele ya wote, "Kwa nini ulifungua?" na aliponyamaza nikaacha ukimya wake ukae kama jibu.

Halafu niliingia darasani na kikapu kitupu. Nikafundisha, Mjomba. Nikawaambia wanafunzi, na maafisa wamekaa nyuma wakiandika, kwamba hivi ndivyo misimamo mikali inavyoua. Nilifundisha vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Waliniandikia pongezi.

Barua yako ya Aprili ilinikimbizia usingizi. Hii ya Mei ilinitoa nyumbani. Jumamosi ya tarehe thelathini na moja nilikwenda Chakol. Nyumba yao iko mbele kidogo ya soko. Mamake, Akiror, alikuwa anabambua karanga, akaniletea kiti, akanipa uji. Nikamuuliza Atyang aliwaambia nini siku ile. Akasema, "Alisema alikuta ndege amelala ndani, bado anapumua, akamtoa ampe maji kwa kifuniko cha chupa. Tulimchapa, mwalimu. Baba yake alisema mtoto anadanganya, kwa sababu mwalimu hawezi kusema uongo."

Nilishindwa kumaliza uji.

Atyang alikuwa nyuma ya nyumba anachunga mbuzi wao. Nilimweleza yote, nikamwomba msamaha mbele ya wazazi wake. Amerudi shuleni Jumatano. Ijumaa kwenye paredi nilisimama nikasema yaliyotokea, yote, pamoja na viatu. Quinton hakuwa na wa kumbeba begani na Sharlyne hakuwa na wa kumdai. Mwalimu mkuu ameudhika kwamba sikumwambia yeye kwanza faraghani. Barua ya cheo iko kwenye droo. Sijairudisha, nakuambia ukweli, bado naitaka. Wa Busia wakiamua kuichukua, waichukue.

Sijui nikuombe nini.

Zilpa


Namboboto, 17 Juni 2025

Mpwa wangu,

Tuko wazima wote, na Mama Gentrix anatembea. Nimemsomea barua yako. Aliniambia niisome tena mahali pa uji.

Nimekasirika, na sitajifanya. Nilikuambia maji asubuhi na jioni, bila kukosa. Nilikuandikia kwa mkono huu, na sasa ndiyo naelewa ule msemo wa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, maana guu lililovunjika ni la mtoto wa watu. Lakini Karani alikuwa wangu, na kwa Karani nimekusamehe. Nimemtumia miaka mitatu kuwadanganya wenzake, asubuhi kwa asubuhi, na mimi pia sina mikono ya malaika. Huyo Quinton wako ana kitu, ingawa simpeleki mamake polisi. Hata huyo Sharlyne. Bila tamaa ya makuu wewe ungekuwa hapa unachimba mihogo, na mimi ndiye niliyekuambia usome mpaka uwapite wote. Labda nilisema mara nyingi kupita kiasi.

Ulilalamika Februari kwamba hakuna mtoto anayesimama katikati. Alikuwepo mmoja. Alikuwa stoo na kifuniko cha chupa, na ninyi mlikuwa mnapiga kelele mlangoni.

Msimu huu sitegi. Nimempa jirani mitego. Naamka na jogoo wake, mnyama mjinga sana, anawika hata saa tisa mchana.

Cheo fanya utakavyoona. Sitakuambia rudisha, sitakuambia kaa nacho. Lakini kuna jambo umeliruka tena, Zilpa, na mimi nimeshakuzoea, huruka pale panapouma. Umeandika ulichomwambia mtoto. Umeandika aliyosema mamake. Hukuandika mtoto alikujibu nini. Niandikie. Ukishindwa kuandika, njoo uniambie kwa mdomo.

Mjomba wako,
Oundo


Malaba, 22 Juni 2025

Mjomba,

Nitakuja Jumamosi na Winny, tumwone mtoto wa Gentrix. Lakini hili naliandika leo, kwa sababu nikija nitapata njia ya kulizunguka.

Nilipomaliza kumweleza, Atyang alifunga kamba ya mbuzi mtini. Halafu alisema, "Mwalimu, mimi nilijua. Nilikuona ukiangalia kikombe, halafu ukaanza kulia. Nikaona nikisema ni maji, utaaibika mbele ya wageni wako. Nikanyamaza."

Akaniuliza kama wageni walifurahi.

Ana miaka kumi na minne, Mjomba. Nilimwambia ndiyo, walifurahi.

Mpwa wako,
Zilpa